Nyuma ya Jani

Nikipita kwenye kitalu cha miche kando ya barabara, mkono wangu hautulii. Lazima niinue jani la waridi, niligeuze, nilikodolee macho upande wa chini, kisha niliachie polepole kama mtoto aliyefunua chungu cha jirani. Wauza miche hudhani nachagua. Mke wangu amekwisha kukata tamaa, husimama pembeni na mkoba wake na kuwaambia, "Mwacheni kwanza, anawaamkia wadudu."

Tabia hii nimefunzwa mara mbili. Mara ya kwanza nilifunzwa na nyanya yangu kule Kisauni, Mombasa, bila malipo, nami nikaisahau. Mara ya pili ilikuwa Naivasha, kwenye mashamba ya maua, kwa mshahara wa mwezi, na hapo ndipo nilipokumbuka. Kati ya mafunzo hayo mawili ipo bustani moja niliyoiua kwa mikono yangu nikiamini naitibu.

Haikuwa bustani ya kutangazwa. Ulikuwa uwanja wa nyuma ya nyumba, umezungushiwa ua wa makuti. Palikuwa na safu mbili za asumini, mawaridi saba ya kienyeji, yale yanayonukia kweli, rehani kwenye makopo ya maziwa, mkadi mmoja uliojitanua pembeni, na mwembe uliotia kivuli kisima. Nyanya alitunga maua hayo kuwa vikuba na kuuza. Vitumba vya asumini huchumwa alasiri vingali vimefumba, kwa kuwa hufunguka jioni, vikishafika vinakokwenda: nyweleni, kifuani, juu ya mto wa maharusi. Kitumba kilichotobolewa na mdudu hakifunguki. Hugeuka kahawia kichwani mwa mwenyewe, na kesho yake mwenyewe huyo hanunui tena kwako. Kwa hiyo mdudu, kwa nyanya, aliingia kwenye hesabu pamoja na bei ya unga na mafuta ya taa.

Kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri alizunguka miti yake. Mimi nilibeba kopo. Kila mti aliugeuza majani matatu, moja la chini, moja la katikati, moja la kwenye chipukizi, akiyashika kwa ncha za vidole kama anayepima kitambaa dukani. Hakujua kusoma zaidi ya msahafu wake, na majina ya wadudu aliyokuwa nayo yalikuwa machache. Aliwagawa kwa vinywa vyao.

"Mume wangu," aliniambia, kama nyanya wa Pwani wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, "jani likiliwa ukingoni, huyo ana meno. Usimtafute kwenye jani. Tafuta mavi yake yalipoanguka, kisha inua macho."

Na kweli. Chini palikuwa na vipunje vyeusi kama baruti, na ukifuata mstari wa juu yake, hapo kwenye kikonyo, kiwavi amejinyoosha rangi ile ile ya kijani, ametulia kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa mahakamani. Alimbandua kwa mkono akamtupia kuku.

Jani lililojikunja lakini halina tundu lilikuwa la mwingine. "Huyu hana meno, ana mrija." Ukilikunjua ulikuta vidukari wamebanana kwenye mshipa wa jani, wa kijani na weusi, vichwa chini, wakifyonza. Nyanya aliwaita chawa. Kama sisimizi walikuwa wakipanda na kushuka kwenye shina, hakuwalaumu. Alifuata walikokuwa wanakwenda kunywa, kwa maana vidukari hutoa maji matamu, na pale yanapodondokea jani hunata, kisha huota ukungu mweusi kama masizi ya jiko. Wengi huona masizi wakafuta masizi. Yeye alitazama jani la juu yake.

Jani lililopauka kwa vitone vidogo vidogo, kama lililopepetewa unga, lilimtia wasiwasi kuliko yote, hasa kaskazi ikikaza na vumbi likitanda. Hapo hakutoa hukumu. Alichota maji kisimani akayarusha kwa nguvu kutoka chini kwenda juu, yapige tumbo la jani, akarudia kesho na keshokutwa.

Dawa zake zilikuwa za jikoni. Sabuni ya kipande iliparuzwa ikayeyushwa kwenye maji, ikapakwa mahali penye chawa tu, jua likishapoa. Majani ya muarobaini yalitwangwa, yakalowekwa usiku kucha, yakachujwa kwa kanga kuukuu, yakanyunyizwa magharibi. Baadaye nilikuja kujua kwamba sabuni huharibu ngozi ya mdudu mlaini akakauka, lakini ikishakauka yenyewe haina makali, ndiyo maana lazima imguse. Na uchungu wa muarobaini humkatisha mdudu hamu ya kula na kumvuruga asiweze kujivua gamba akakua, ila jua huuvunja upesi, ndiyo sababu ya kungoja magharibi. Nyanya hakunieleza hayo. Alisema jua halipendi kushirikiana.

Konokono wakubwa, wale wa asili ya mwambao wetu huu ambao leo wanasumbua nchi nyingi za joto, tuliwaokota usiku kwa kandili baada ya mvua, tukawatia kwenye ndoo.

Kulikuwa pia na wasioguswa. Majimoto walikuwa wameshona majani ya mwembe wakafanya viota, wakishuka hadi kwenye asumini kwa msafara. Waliniuma mara nyingi nikalia, na hawakuondolewa. Vunjajungu alipitishwa kwa heshima, kwani anayemgusa, tuliambiwa, atavunja chombo cha kwanza atakachoshika. Nadhani imani ile ilimwokoa mla wadudu huyo kuliko sheria yoyote. Na palikuwa na kidudu kimoja kibaya cha sura, cheusi, kirefu kama nusu ya ukucha, chenye miiba mgongoni na madoa ya rangi ya chungwa, mithili ya mamba aliyepunguzwa. Hicho kilikaa katikati ya chawa. Nyanya akikiona alilirudisha jani lilivyokuwa, akaenda mti mwingine. Sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Nilikwenda Naivasha miaka ya mwanzo ya tisini. Mashamba yalikuwa yakipanuka kandokando ya ziwa, vibanda vya plastiki kwa ekari, mawaridi yaliyonyooka kama askari na yasiyo na harufu. Nilipewa bomba la mgongoni. Siku zile tulipuliza kwa kalenda. Jumatatu dawa hii, Alhamisi dawa ile, kuna mdudu hakuna mdudu. Nilijifunza majina ya kemikali, vipimo vya kifuniko, rangi ya utepe kwenye chupa, na kwa vile nilikuwa kijana, nikadhani nimejifunza kilimo. Jina la mdudu halikuwa na umuhimu. Wote walikuwa wadudu, na kila mdudu ana dawa yake dukani. Tazama na lugha yenyewe inavyotusaidia kujidanganya: sumu tunaiita dawa, na kiumbe chochote chenye miguu mingi tunakiita mdudu, tukishaunganisha maneno hayo mawili tunaona tumefanya kazi.

Januari 1995 nilipata likizo. Ilikuwa Shaaban, mwezi wa harusi kabla ya Ramadhani, na nyanya alikuwa ameshika arubuni ya harusi nne. Niliwasili na chupa ya soda iliyojaa dawa ya shambani, nimeifunga kwa mfuko wa plastiki na kuitia kati ya nguo zangu. Bila lebo, bila kipimo, bila aibu. Bomba niliazima kwa mkulima wa mchicha.

Nyanya alikuwa msibani Likoni siku mbili. Nilitaka arudi akute bustani safi. Nikatembea kwenye safu zake nikaona kila kitu kwa macho ya Naivasha: chawa kwenye waridi la tatu, majani mawili yaliyoliwa, msafara wa majimoto. Nikaona na wale mamba weusi, wapo wengi mwaka huo. Nikasema hawa ndio wabaya wenyewe. Kabla ya kupuliza niliwaminya kwa kidole gumba na cha shahada mmoja baada ya mwingine, nikawahesabu kwa sauti kama mtu anayehesabu fedha. Nilifika kumi na tisa. Majimoto niliwatia moto kwa upondo uliofungwa tambara lenye mafuta ya taa. Kisha nikapuliza kila kitu, juu na chini, mpaka majani yakachuruzika. Kesho yake nikarudia.

Aliporudi hakusema neno. Alisimama mlangoni akanusa. Alasiri alichuma kitumba kimoja, akakiweka kiganjani, akakileta puani, akakitupa.

"Umetia nini?"

"Dawa, nyanya."

"Dawa huponya. Hii imemponya nani?"

Nikamweleza. Akanisikiliza hadi mwisho, kwa sababu nilikuwa mgeni na nilikuwa nimeleta sukari. Kisha akaniuliza kama dawa hiyo inafaa kulaliwa, kwa maana asumini yake ilikuwa inakwenda kuwekwa kitandani mwa watu. Sikuwa na jibu. Jioni ile alifunga buibui lake akaenda nyumba moja hadi nyingine, akarudisha arubuni zote nne.

Nilirudi Naivasha kabla ya mwezi kuandama, na nikafika tena Kisauni kwa Idi, mwanzoni mwa Machi. Mawaridi yalikuwa na rangi ya shaba. Majani yalikuwa makavu yakiwa bado mtini, na kati ya jani na jani palikuwa na utando mwembamba, unang'aa asubuhi kwa umande. Ukilisugua jani kwa kidole lilitoa vumbi jekundu, na vumbi lile lilikuwa likitembea. Utitiri mwekundu ulikuwa umeula uwanja. Asumini za safu ya nyuma zilikuwa zimepukutika. Niliuliza kama nilete dawa nyingine. Nyanya alicheka, cheko la mtu aliyechoka.

Nilichofanya nilikielewa miaka mingi baadaye. Utitiri haumo hata kwenye kundi la wadudu. Una miguu minane, ni jamaa ya buibui na kupe, na dawa nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya wadudu wa miguu sita haziudhuru sana. Zinaowaua vizuri ni wale wanaoula. Niliuondolea utitiri walaji wake katika bustani ya nyanya katikati ya kaskazi, msimu wa joto na ukavu ambapo yai la utitiri linaweza kuwa mzazi kwa muda wa wiki moja hivi, na jike mmoja akataga mayai yanayokaribia mia. Mlango niliuacha wazi, nikawafukuza na walinzi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mambo yakabadilika mashambani. Utitiri ulikuwa umezoea sumu hadi tukawa tunapuliza mara nyingi zaidi na kupata kidogo zaidi, na wanunuzi wa Ulaya walikuwa wameanza kuuliza maswali kuhusu mabaki ya kemikali. Baadhi yetu tulivuliwa mabomba tukafanywa maskauti. Kazi ya skauti ni kutembea kwenye vitanda vya waridi na kioo cha kukuzia mara kumi kimening'inia shingoni, kugeuza majani, kuhesabu, kuandika. Mitego ya kunata ya manjano huwavuta inzi weupe na vidukari wenye mabawa, ya buluu ni ya vithiripi, vile vidudu vyembamba vinavyojificha ndani ya ua na kuacha mikwaruzo ya kahawia kwenye petali. Palipo na utitiri unafunga utepe. Kisha unaletwa utitiri mwingine, wa rangi ya chungwa, mwepesi wa miguu, ndani ya chupa, unanyunyizwa juu ya majani kama chumvi. Huo hula utitiri wenzake tu. Mmoja anaweza kumaliza mayai ishirini kwa siku.

Mwalimu wetu alitufundisha chini ya mti, na picha. Majani yaliyoliwa, yaliyofyonzwa, yaliyochorwa mistari ya ndani kwa ndani. Alitufundisha kwamba kidukari jike huzaa bila dume, tena huzaa watoto walio hai, na kwamba ndani ya mtoto anayezaliwa mjukuu amekwisha kuanza kuumbika. Nyanya, binti na mjukuu ndani ya ngozi moja. Watu walicheka. Kisha akainua picha iliyofuata, nami nikakoma kucheka. Ilikuwa yule mamba mweusi mwenye madoa ya chungwa.

"Huyu ni mtoto wa yule kidudu mwekundu wa mviringo, mwenye vitone vyeusi, mnayempenda wote," akasema. "Mkubwa mnamjua. Mtoto wake mnamuua kwa sababu sura yake ni mbaya. Siku moja hula vidukari kwa makumi."

Kumi na tisa. Niliwahesabu kwa sauti.

Siku hiyo hiyo alitusimulia kisa cha kahawa ambacho sijakiacha tangu hapo. Mwaka 1923, upande wa Thika, kahawa ilivamiwa na vidung'ata, wale wafyonzaji wanaoonekana kama vumbi la unga mweupe. Wataalamu wa serikali ya kikoloni walimtazama mdudu huyo wakampa jina la aina nyingine iliyokwisha kujulikana, na kwa kufuata jina hilo wakaenda kutafuta maadui zake mbali, hadi Asia. Walioletwa hawakufaa. Katikati ya miaka ya 1930 ndipo ilipobainika kwamba ni aina ya peke yake, na kwao ni jirani tu, Uganda. Mwaka 1938 wakaletwa kutoka huko nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya kidung'ata, na janga likashuka. Zaidi ya miaka kumi mashamba yaliteseka kwa sababu mdudu aliitwa jina lisilo lake.

Nilifikiria kwamba wale walikosea jina la mdudu mmoja. Mimi nilikuwa sijajali kuwa wana majina.

Nyanya alifariki 1999, kabla sijavuliwa bomba, kwa hiyo sikupata kumwomba radhi nikiwa najua naomba radhi ya nini. Ile ya Idi ilikuwa ya adabu tu. Alipanda upya asumini kidogo kwa vipandikizi vya jirani, lakini hakushika tena arubuni za harusi. Kiwanja kiliuzwa, na leo pamesimama ghorofa nne, uwanja umetandikwa kabro hadi ukutani, mwembe haupo. Vikuba bado vinauzwa mjini, nami nikivinunua huvinusa kwanza, na muuzaji hudhani nanusa uzuri.

Siku hizi kila mtaa una duka la agroveti, na kijana aliye nyuma ya kaunta atakuuliza una bomba la lita ngapi kabla hajakuuliza mti wako una nini. Nimewaona watu wakiuziwa dawa ya wadudu kwa jani lililokuwa na kiu tu. Nimeona dawa ikipimwa kwenye chupa ya soda, nikageuza uso, si kwa hasira. Mwaka 2016 alipoingia Pwani kidung'ata wa papai, mgeni mwenye asili ya Amerika ya Kati, akameza mipapai na kuhamia kwenye maua ya haibiskasi, jamaa zangu walinipigia simu mmoja mmoja kuuliza wapulize nini. Niliwaambia wakate matawi yaliyozidiwa, wayachome, waoshe mengine kwa maji ya sabuni, na wasiwaue wadudu wengine watakaowakuta hapo. Wakanishukuru kwa upole, wakaenda kununua dawa. Namjua mtu wa namna hiyo. Nilisafiri naye kutoka Naivasha.

Sasa ninaishi kwenye nyumba ya kupanga yenye kibaraza. Nina makopo sita, na moja ni la asumini, kipandikizi nilichopewa na shangazi, ambaye alipewa na jirani yule yule aliyempa nyanya. Mwezi uliopita chipukizi lake lilijikunja. Nililifungua nikakuta chawa wamejaa, nikahisi kidole gumba na cha shahada vikikutana vyenyewe. Nikaviachanisha. Niliosha shina kwa sabuni kuzuia sisimizi, nikaacha jani moja lenye chawa kama lilivyo, nikangoja. Kungoja ni kazi ngumu kuliko kupuliza. Kila asubuhi mjukuu wangu alisimama karibu nami akishika kopo, akiuliza mbona hatuwaui.

Siku ya tisa tuliligeuza pamoja. Baadhi ya vidukari walikuwa wamevimba, wamegeuka rangi ya shaba, wamegandia jani bila kutikisika. Nilimpa kioo. Akatazama kwa muda mrefu, jicho moja amelifumba, akasema wa katikati ana tundu mgongoni.

Nikatazama na mimi. Nyigu alikwisha kula ndani, akatoka, akaenda zake. Tundu lilikuwa la mviringo, safi, kama lililopigwa na sindano ya kutungia asumini.